Aliposema Yuko Darajani

Mume wangu, Burl Hathcock, ni shemasi wa kanisa, na tangu anioe sijamkamata na uongo wa mwanamke wala wa chupa. Dukani wakimzidishia chenji anairudisha hata kama mvua inanyesha. Lakini muulize alikovua samaki. Hapo atakukazia macho makavu na kukuongopea bila haya, na Jumapili utamwona mbele ya kanisa anaombea sadaka, amefumba macho yaleyale.

Wala si yeye tu. Hapa Ziwa Cutler wanaume wote wako hivyo. Samaki wao ni besi, yule mwenye mdomo mpana, na kila mmoja ana pembe yake ya ziwa ambayo hata kwenye jeneza hataitaja. Asubuhi wanapita kwa Skeet, mwenye duka la vyambo pale kwenye mteremko wa kushushia mashua. Wananunua kahawa na karanga za kuchemsha, naye Skeet anauliza, "Leo wapi?" Huyu anasema kisiwani, yule anasema kwenye ukuta wa bwawa. Skeet anaitikia kwa kichwa. Anajua wanamdanganya, nao wanajua kuwa anajua, na biashara inaendelea.

Mimi naitwa Neva. Sivui. Maji nayaogopa tangu utotoni na kuogelea sijui hata kidogo. Nilichoweza mimi ni kufunga vyambo. Burl alipostaafu kutengeneza mabasi ya shule, alijaza banda letu la gari vyambo vya dukani, vya plastiki, vya chuma, vyenye macho mekundu na mikia ya kuchezacheza. Siku moja nikachukua ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi, nikaifungia manyoya ya mkia wa mbwa wetu, Tater, yale ya rangi ya kahawia. Kitu kidogo, hakifiki hata urefu wa kidole. Nilifanya kwa mzaha. Burl akaenda nacho ziwani, na aliporudi akanibusu utosini, akamletea Tater mfupa. Tangu hapo nusu ya besi wa ziwa lile wameshamwonja mbwa wangu.

Sasa nieleze Februari ile. Alhamisi baridi ya kaskazini ilitushukia na mvua na radi, upepo ukang'oa bati la banda la kuku, na usiku maji ya ndoo yakafanya utando wa barafu. Kulipokucha Ijumaa, mbingu ilikuwa buluu tupu, haina hata kipande cha wingu. Siku kama hiyo mvuvi mwenye akili anabaki nyumbani. Wangu alikuwa amesimama jikoni na buti miguuni, anakula vimkate vya magadi kwa mchuzi mweupe wa soseji.

"Hutoki leo," nikamwambia.

"Kwa nini nisitoke? Si unaona jua hilo?"

"Jua la kudanganyia watoto. Maji yameganda roho. Na Coy anakwenda kwa daktari kuonesha bega lake, utakuwa peke yako."

"Afadhali. Coy anaongea mno. Samaki wa leo wanataka utulivu."

"Samaki wa leo hawali. Wewe mwenyewe huwa unasema."

"Nasema hawakimbizi chakula," akanisahihisha, mdomo umejaa. "Si kitu kimoja, mke wangu. Siku za joto besi anakurupuka kufuata chochote. Baridi ikishapita anajibana kwenye gogo, amenuna, hasogei hata shibiri. Ukimrushia dude kubwa la makelele unamfukuza. Unachukua kitu kidogo, unamshushia puani polepole, halafu unakiacha hapohapo. Usikitingishe. Unamngoja mpaka akereke."

"Kama ninavyokufanyia mimi."

"Na mimi si nanasa kila siku?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamuuliza anavulia wapi.

"Darajani. Daraja la zamani."

"Jaketi la kuokolea utavaa?"

"Nitavaa."

Majibu yote mawili aliyatoa na macho yaleyale makavu. Akachukua chupa yake ya kahawa, akamkuna Tater shingo, akaondoka na pikapu ikivuta mashua. Nilibaki kuosha sahani.

Burl hurudi mchana. Akichelewa sana, saa nane. Ilipofika saa nane nikapasha maharage moto, nikajiambia amepata samaki. Saa tisa nikapiga simu yake, haipatikani. Nikapiga tena. Nikatoka barazani nikatazama barabara kama mjinga, na upepo ule wa kaskazini ukaniingia mpaka kwenye meno. Hapo ndipo woga ulinishika sawasawa. Sikuwaza kitu kingine ila maji, na buti zake zile nzito zikijaa.

Nikampigia Skeet.

"Pikapu yake ipo hapa, mama Neva," akasema. "Na trela. Asubuhi alisema daraja la zamani."

"Umemwona mtu yeyote aliyetoka huko?"

"Leo hakuna aliyeingia ziwani. Ni Burl tu. Ngoja niwaite askari wa kaunti."

Coy Ledbetter, aliyepigiwa na Skeet, alifika kwangu haikupita robo saa. Anaishi mtaa wa pili na amevua na Burl tangu wote wawili walipokuwa na nywele. Alikuwa na mkono mmoja kwenye kitambaa, daktari amemfunga bega.

"Shemeji, usijitie homa," akasema. "Askari wako njiani kuelekea darajani na mashua mbili. Itakuwa mota imemzimikia, amekaa anatukana."

"Coy, unaamini yuko darajani?"

"Baridi ikipita samaki wanazama. Pale darajani maji ni marefu. Hata mimi ningekwenda pale."

"Sikukuuliza wewe ungekwenda wapi. Nimekuuliza unaamini?"

Akatazama viatu vyake. Na mimi nikajua. Wale askari walikuwa wanakwenda kumtafuta mume wangu mahali alipopataja kwa sababu hayupo.

Nikaingia kwenye banda la gari, Coy nyuma yangu. Meza ya Burl ndefu, kila kisanduku na mahali pake, maana mtu wa mabasi hatupi kitu ovyo. Nikavuta kisanduku cha vyambo vya chuma, vile vizito vya kushusha kwenye maji marefu. Kimejaa. Hakuna hata kimoja kilichotoka.

"Darajani angekwenda na nini kama si hivi?" nikamuuliza Coy.

"Na hivyo hivyo," akasema taratibu.

Kisanduku changu, cha vyambo vya Tater, hakikuwepo. Kwenye ukuta fimbo nene za kuvulia zilikuwa zimening'inia zote. Imekosekana ile nyembamba, ya mshipi mwembamba. Nikatazama kwenye kona ninapoweka vifaa vya bustani. Mto wangu wa kupigia magoti, ule wa sponji ya kijani ninaoutumia kupalilia nyanya, nao haupo. Wiki nzima nilikuwa namgombeza kuhusu mto ule, unarudi umelowa na kunuka samaki, na yeye anasema sijui unazungumzia nini.

Coy alipoona ninatazama kona, akaelewa kabla yangu. "Anapiga magoti," akasema. "Maji mafupi, shemeji. Baada ya baridi maji yanakuwa maangavu na jua ni kali, ukisimama samaki anaona kivuli chako. Anapiga magoti ukingoni mwa mashua na kukishusha chambo kwenye gogo kwa mkono."

Nikamwona. Shemasi wangu amepiga magoti ukingoni, jaketi la kuokolea amelivua kwa sababu linambana tumbo, ameinama juu ya maji.

"Wapi, Coy? Maji mafupi yako wapi?"

"Upepo unatoka kaskazini. Atakuwa amejikinga chini ya ukingo wa kaskazini, pale jua linapopiga siku nzima na tope jeusi linapata joto. Penye magogo." Alihesabu kichwani, midomo inacheza. "Kuna kijito cha Sandlin na kuna cha Pruitt. Lakini kimoja kiko huku na kingine kule mwisho wa ziwa. Hatutaviwahi vyote kabla jua halijazama."

Jua lilikuwa limeshafika usawa wa paa la jirani. Sijawahi kuliogopa jua kabla ya siku ile. Nikashika ukingo wa meza, na hapo karibu na mkono wangu nikaona vyambo viwili alivyonirudishia wiki iliyopita nivifunge upya, manyoya yamekatika. Nilikuwa nimeviweka na kuvisahau. Nikakileta kimoja dirishani. Manyoya ya Tater yalikuwa na rangi ya chungwa iliyokuwa ikibaki vidoleni.

"Hii ni kutu," nikasema. "Kutu ya nini ndani ya ziwa?"

Coy akakichukua, akakisugua, na uso wake ukabadilika. "Waya wa miba. Malisho ya zamani ya Pruitt, kabla hawajajenga bwawa na maji kuyafunika. Ua wake wote bado uko humo chini." Halafu, na mume wangu yuko majini, mtu yule akaongeza kwa uchungu, "Lakini kwa Pruitt ni pembe yangu mimi."

"Coy Ledbetter, nitakupiga na hii nyundo."

"Twende, shemeji."

Nilimpigia Skeet njiani nikamwambia awageuze askari waje kwa Pruitt. "Kwa Pruitt hakuna samaki, mama Neva," akasema, kwa mazoea tu, kisha akajishika. "Nawaambia sasa hivi." Lakini askari walikuwa upande wa pili kabisa, na kwa Pruitt hakuna barabara, msitu mtupu. Tulikuwa karibu sisi. Na Coy alikuwa na mkono mmoja.

Aliposhusha mashua yake majini nilisimama pale kwenye saruji na miguu ikakataa. Nasema kweli, ilikataa. Coy hakunihimiza. Alininyooshea mkono wake mzima na kusema, "Siwezi kumvuta peke yangu, Neva." Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo. Nikaingia, nikakaa chini sakafuni, nikashika chuma kwa mikono miwili, na nilipofumbua macho tulikuwa katikati ya ziwa na matone yakinichoma usoni.

Kijito cha Pruitt ni chembamba na kina kona. Coy alipunguza mota. Huku ndani upepo haukuwepo kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko mawimbi. Maji yalikuwa maangavu hata niliona nguzo za ua zimesimama chini yake, safu nzima, kama shamba la mtu anayerudi kesho. Tukazunguka kona ya kwanza. Hakuna kitu. Ya pili. Kitu cha kijani kilikuwa kinaelea.

Ulikuwa mto wangu wa magoti.

Coy akaukwamua na kasia, akautupa ndani ya mashua karibu nami. Mbele yetu mashua ya Burl ilikuwa imeegemea matete, tupu, fimbo nyembamba imelala juu yake, na jaketi la kuokolea limekunjwa vizuri kwenye kiti. Limekunjwa vizuri. Nililichukia jaketi lile.

"Burl," Coy akaita. Kisha kwa nguvu zaidi.

Nikaita mimi. Sikumwita jina. Nilisema, "Maharage yanapoa," kwa sababu ndiyo maneno ninayomwitia kila siku ya maisha yake na mengine hayakuja.

Kitu kikagonga. Chuma kwenye mti, kidogo sana. Kimya. Kikagonga tena.

Alikuwa nyuma ya gogo kubwa lililoanguka kutoka ukingoni, kifua juu ya gogo, kuanzia kiunoni yumo majini. Mkono mmoja wa koti lake ulikuwa umenaswa na waya wa miba, na mkono wa pili ulishika koleo yake ndogo ya kutolea ndoana. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Chambo cha Tater kilikuwa kimenasa kwenye waya, shibiri moja tu kutoka kwenye vidole vyake. Alikiinamia akitoe. Alikuwa nacho kisanduku kizima cha vingine, na mimi niko nyumbani na mbwa mzima, na bado alikiinamia.

Coy akashikilia mashua kwenye gogo. Nikatupa mto ule ukingoni, nikapiga magoti juu yake, nikainama juu ya maji. Niliyaona yote mpaka chini. Nikamshika Burl mkanda wa suruali kwa mikono miwili, Coy akaukata mkono wa koti kwa kisu, na tukavuta. Mara ya kwanza hakuja. Mara ya pili mashua ililala upande, maji yakaniingia kifuani, nikajua tunakufa wote watatu kwa Pruitt. Mara ya tatu alianguka juu yangu, mzito na baridi kama nyama ya friji.

Tulimvua nguo zote, Coy akamfunika koti lake, nami nikajilaza juu yake na kifua changu kwenye mgongo wake. Hakuwa anatetemeka hata kidogo. Coy aliniambia baadaye kuwa hiyo ndiyo dalili mbaya. Wakati ule alifungua tu mota mpaka mwisho. Nilimsemesha njia nzima. Nilimtukana. Nilimwahidi mambo. Tulipokaribia taa za Skeet alianza kutetemeka, na sijawahi kupenda kitu kama meno yale yakigongana.

Wauguzi wa gari la wagonjwa walimfungia blanketi, na msichana mmoja akamuuliza, kuona kama akili ipo, "Mzee, unakumbuka ulianguka wapi?"

Burl akafumbua jicho moja. Akamtazama yule msichana, akamtazama Skeet, akawatazama askari na watu wote waliokusanyika pale.

"Da-darajani," akasema.

Alilazwa siku chache, vidole viwili vya mguu vikapoteza hisia, na alipona. Kwa Pruitt kukawa sokoni. Ziwa zima lilihamia pale, Coy akawa wa kwanza kulalamika, na Burl akahama akatafuta pembe nyingine. Mimi nilitoa sharti langu: baridi ikipita, haendi bila mimi. Akadhani natania. Februari iliyofuata kaskazini ikashuka, asubuhi ikatoka buluu tupu, na mimi nilikuwa wa kwanza ndani ya pikapu, nimevaa jaketi la kuokolea tangu nyumbani. Woga wa maji unatisha. Woga wa jikoni, sahani zimeoshwa na simu haipatikani, huo siuwezi tena.

Kwa Skeet palikuwa na wanaume watatu wanakunywa kahawa na masikio yamesimama. "Leo wapi, mama Neva?" akauliza.

"Kisiwani," nikasema. Lilitoka lenyewe. Burl alinitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu harusi.

Tulikwenda kwenye kiwanda cha mbao cha zamani, magogo yamelala chini ya ukingo wa kaskazini. Burl alipiga magoti juu ya mto wangu, akashusha chambo cha Tater polepole, akakiacha. Pale palikuwa kimya. Nikatazama matete, nikatazama maji maangavu, nikatoa simu yangu. Haina mtandao. Na ndipo lilinijia: tukianguka hapa, watatutafuta kisiwani.

"Washa mota," nikasema.

"Neva, ndiyo kwanza anakitazama. Namwona."

"Burl, washa mota."

Alinuna ziwa zima. Nilipanda mteremko wa Skeet nikiwa bado na jaketi langu, nikasimama mbele ya kaunta. Wale watatu bado walikuwepo.

"Skeet, asubuhi nimekudanganya. Hatupo kisiwani. Tuko kiwanda cha mbao cha zamani, kwenye magogo, ukingo wa kaskazini."

Skeet aliweka kikombe chini. Akamtazama Burl kupitia dirishani, akanirudia mimi, na tabasamu likamtoka polepole.

"Umerudi ziwa zima kuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo. Ni kweli."

"Kiwanda cha mbao," akawaambia wale wanaume, nao wakacheka. "Mbinu hii ya kurudi ni mpya, mama Neva. Burl amekufundisha vizuri."

"Skeet, nitazame."

Akanitazama. Nilimkazia macho kwa nguvu zangu zote aone kuwa sidanganyi, na yeye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama wanavyofanyiana wenyewe. Akanimiminia kahawa ya bure.

Nilirudi mashuani. Burl aliuliza kama nimeridhika. Tukarudi kwenye magogo. Nikakaza jaketi langu, nikakaza na lake, na siku nzima, alipopiga magoti, sikuuachia mkanda wa suruali yake.